Historia ya uvuvi wa usiku Nyumba ya Mungu, na funzo lake kwa anayetaka kukopa anunue nyavu



Kila bwawa la Nyumba ya Mungu linapofunguliwa baada ya kufungwa, simu yangu haitulii. Swali ni lilelile: "Afisa, nasikia samaki wamejaa. Nikope ninunue nyavu?" Wanaouliza ni akina mama wanaouza samaki kwa beseni, vijana wa mlimani waliouza kahawa au ng'ombe na wana fedha kidogo mkononi, na wakulima wa mpunga wa tambarare wanaotaka kitu cha kuwaingizia fedha kabla ya mavuno.

Leo sitajibu kwa ndiyo au hapana. Nitajibu kwa historia ya bwawa lenyewe, hasa uvuvi wake wa usiku, kwa sababu samaki wengi unaowaona mwaloni alfajiri walinaswa wewe ukiwa umelala. Nitakueleza pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa sababu historia hii ningeijua mapema, watu wanane wasingepata hasara.

BWAWA LILIZALIWAJE?

Wazee wa tambarare wanakumbuka mahali hapo kabla ya bwawa. Palikuwa na nyika, majani ya malisho, miti ya migunga, na mito miwili inayokutana. Wa kwanza ni Kikuletwa, unaokusanya maji ya Meru na ya mlima wetu kupitia mito kama Weruweru, Karanga na Kikafu. Wa pili ni Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe. Ikikutana, tunapata mto Pangani unaokwenda hadi baharini.

Katikati ya miaka ya 1960, miaka michache tu baada ya Uhuru, serikali iliziba mto huo. Lengo la kwanza halikuwa samaki. Lilikuwa kuhifadhi maji ya kuendesha mitambo ya umeme, kuzuia mafuriko na kusaidia umwagiliaji. Huko chini, kituo cha umeme cha Hale kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1964, nacho kilihitaji maji ya uhakika mwaka mzima. Nyumba ya Mungu yenyewe ikafungiwa mitambo ya megawati 8, ikaanza kutoa umeme mwaka 1968.

Maji yalipopanda yalifunika nyika kubwa, zaidi ya kilometa za mraba 100. Bwawa ni pana lakini si la kina kirefu. Shika jambo hilo, kwa sababu perege hupenda maji ya kina kifupi. Humo hupata chakula, na humo dume huchimba kiota chake kwenye tope au mchanga.

Samaki walitoka wapi? Wengine walikuwa mtoni tangu zamani, kama kambare, na perege wa Jipe ambaye asili yake ni mto Pangani na ziwa hilo tu, hapatikani kwingine duniani. Mwingine ni ngege, ndugu wa sato, ambaye asili yake ni Ziwa Victoria na alipandikizwa katika mabwawa mengi ya nchi yetu. Huyu ngege alistawi sana Nyumba ya Mungu. Huko kwao Victoria alikaribia kutoweka kabisa baada ya sangara kuletwa, lakini kwenye mabwawa na maziwa madogo akabaki. Kwa hiyo bwawa letu lina thamani kuliko wengi tunavyodhani.

KWA NINI WAVUVI WANAFANYA KAZI USIKU?

Mchuuzi mmoja aliniuliza kwa nini wavuvi wasivue mchana kama watu wengine wanavyolima mchana. Ni swali zuri, na sababu zake ni nne.

Ya kwanza ni macho ya samaki. Wavu wa kutega, ule unaosimama majini kama uzio na kumnasa samaki kwenye matamvua, mchana samaki anauona na kuukwepa. Gizani hauoni. Ndiyo maana mvuvi hutega jioni na kutegua alfajiri. Ndiyo maana pia usiku wa mbalamwezi kali wavuvi wengi hulalamika kwamba wavu umetoka mtupu.

Ya pili ni nyendo za samaki. Perege hula zaidi mchana. Jua linapozama na linapochomoza huwa anahama kati ya maji ya pembeni na ya kina. Wavu uliotegwa njiani unamkuta. Kambare ni kinyume chake: usiku ndipo anawinda, akipapasa kwa sharubu zake. Ndoano yenye chambo iliyolala usiku kucha inamfaa yeye.

Ya tatu ni soko. Samaki aliyetolewa majini saa kumi na moja alfajiri anamfikia mnunuzi wa Moshi asubuhi akiwa bado mbichi. Wa saa nane mchana, kwenye joto la tambarare na bila barafu, ni hasara.

Ya nne utaisikia kwa wavuvi wenyewe: upepo. Mchana bwawa linaweza kuchafuka, na mtumbwi mdogo si mahali pa kuwa.

Lakini usiku una bei yake. Bwawa lina mamba na viboko. Mvuvi anakwenda na pondo, kasia na tochi, na wengi hawajawahi kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Unapobishana bei alfajiri, kumbuka kwamba unayebishana naye hakulala, na pengine aliondoka nyumbani mkewe akiwa na hofu.

Usichanganye uvuvi huu na ule wa dagaa wa Ziwa Victoria. Kule taa hutumika kuwavuta dagaa wakusanyike, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua. Hapa kwetu wavu wa perege hauhitaji taa. Unahitaji giza na subira.

MIAKA YA NEEMA

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Bwawa lilipojaa kwa mara ya kwanza, maji yalifunika majani, vichaka, samadi ya mifugo na udongo uliopumzika miaka mingi. Vyote vikaanza kuoza. Mkulima utaelewa haraka: ni kama shamba lililomwagiwa mbolea yote ya maisha yake kwa siku moja. Mimea midogo ya majini ikastawi, wadudu wakaongezeka, na perege wakazaliana bila mfano. Wavuvi mwanzoni walikuwa wachache.

Habari zikasambaa. Watu walikuja kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakajenga kambi zilizokuja kuwa vijiji. Moshi wa kukaushia samaki ukawa kila mahali, na miti mingi ya kando ya bwawa ikaishia jikoni mwa samaki. Mwaka 1970 bwawa lilitoa zaidi ya tani 25,000 za samaki. Kwa bwawa lililokuwa na miaka michache tu, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Halafu? Ndani ya miaka michache tu mavuno yalianguka vibaya, yakawa sehemu ndogo ya yale ya 1970. Hakuna aliyeroga bwawa. Mbolea ya mwanzo ilikwisha kuliwa, na wakati huohuo nyavu zilikuwa zimeongezeka mno. Waliokuja na mitaji mikubwa mwaka 1970 walikuta neema. Waliokopa baadaye, wakihesabu kwa mavuno ya 1970, walikuta deni.

Wataalamu wa mabwawa wanalijua jambo hili, kwa kuwa hutokea karibu kila bwawa jipya la nchi za joto: mlipuko, kisha kuanguka, kisha utulivu wa chini. Mkulima anayefyeka shamba jipya analijua pia. Mahindi ya mwaka wa kwanza si mahindi ya mwaka wa sita.

JIRANI ZETU WA NAIVASHA NA SAMAKI AITWAYE BESI

Usidhani ni sisi tu. Vuka mpaka uende Ziwa Naivasha, Kenya. Mwaka 1925 walipandikiza perege humo, na mwaka 1929 wakaleta besi, samaki mlaji nyama kutoka Marekani. Walowezi wa Kizungu walimtaka kwa ajili ya kuvua kwa fimbo kama mchezo. Besi ana mdomo mpana na huwinda vizuri kwenye mwanga hafifu wa machweo na hata gizani, kwa sababu mwili wake unahisi mtikisiko wa maji hata pale jicho lisipoona. Kwao Marekani wako watu wanaokesha kumvua usiku wa kiangazi kwa starehe tu.

Uvuvi wa biashara wa nyavu ulianza Naivasha mwaka 1959. Sasa angalia mwaka: mavuno ya juu kabisa, tani 1,150, yalipatikana mwaka 1970, mwaka uleule wa neema yetu. Mwaka 1997 yalikuwa tani 21. Umesoma vizuri, ishirini na moja. Mwaka 2001 ziwa lilifungwa kwa mwaka mzima ili samaki wapumzike.

Maziwa mawili, nchi mbili, samaki tofauti, lakini hadithi inafanana. Anayepanga biashara kwa kutazama kilele pekee atadondoka pamoja na mavuno.

USIKU ULIPOGEUKA MAFICHO

Samaki walipopungua, wavuvi walifanya ambacho binadamu hufanya. Walipunguza macho ya nyavu. Perege wakubwa walipokwisha, wakashusha tena. Likaja kokoro, wavu mrefu unaokokotwa kutoka majini hadi ufukweni, ukipita juu ya viota vya perege na kuzoa kila kitu, wazazi kwa watoto. Wengine wakawa wanapiga maji kwa mti ili samaki waliotulia wakurupuke waingie wavuni.

Ili uelewe ubaya wa kokoro, mjue perege. Jike hulea mayai na vifaranga mdomoni mwake. Hatagi maelfu kwa maelfu kama samaki wengine. Hutaga mayai machache na kuyalinda. Ukimvua akiwa analea, umevua familia nzima. Ukimvua kabla hajazaa hata mara moja, umekula mbegu.

Kokoro ni haramu, kwa hiyo likahamia usiku. Hapo maana ya usiku ikabadilika. Giza lile lililokuwa zana ya mvuvi hodari likawa shuka la kumfunika mhalifu. Mzee mmoja wa upande wa Lang'ata, aliyevua tangu ujana wake, niliwahi kukaa naye ufukweni. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamuuliza kipi kimebadilika zaidi. Akanijibu: "Mwanangu, zamani usiku ukisikia kasia ulijua ni jirani. Sasa ukisikia kasia unazima tochi."

Serikali imejibu kwa kuchoma nyavu haramu, kuunda vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vijijini, na kufunga bwawa kwa vipindi zaidi ya mara moja. Kufunga kunaumiza. Nimeona familia zikihangaika, na sitakudanganya kwamba ni jambo jepesi. Lakini likifungwa na watu wakaheshimu, samaki hurudi. Perege hukua haraka akiachwa.

Si uvuvi peke yake unaoliumiza bwawa. Maji yanayoingia hutegemea mlima na mashamba. Tunapolima hadi kingo za mito huku juu, udongo wetu unakwenda kujaza bwawa. Tunapoacha mifereji ivuje, maji hayafiki. Mkulima wa Kibosho na mvuvi wa Ngorika hawajuani, lakini wanatumia mto mmoja.

KOSA LANGU

Sasa nieleze niliyoahidi. Mwaka wangu wa kwanza kazini bwawa lilifunguliwa baada ya kufungwa. Nilikwenda alfajiri mwaloni na sikuamini macho yangu. Mitumbwi ilikuja imezama hadi ukingoni. Kikundi cha watu wanane, wengi wao akina mama wachuuzi, kiliniomba niwasaidie kuandika andiko la mradi wa kununua mtumbwi na nyavu halali, kisha waajiri wavuvi wawili.

Nilihesabu mavuno ya wiki tatu, nikatafuta wastani wa siku, nikauzidisha kwa miezi kumi na miwili. Nilijiona mtaalamu. Walipata mkopo kwa andiko lile.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwezi wa pili wastani. Kufikia mwezi wa nne wavu ulikuwa unatoka na samaki wa kujaza nusu ndoo, na siku nyingine chini ya hapo. Marejesho hayakusubiri samaki. Watu waliuza mbuzi. Mama mmoja aliuza ng'ombe wa maziwa aliyekuwa anasomesha nao watoto.

Nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai, akasema: "Mwanangu, hesabu yako ilikuwa nzuri. Samaki ndio hawakuisoma." Alicheka, lakini mimi sikuweza.

Kosa langu lilikuwa nini? Bwawa lililofungwa likifunguliwa ni 1970 ndogo. Samaki waliokusanyika kwa miezi wanavuliwa kwa wiki chache, tena na kila mtu kwa pamoja. Nilichukua mavuno ya mwanzo nikayaita mavuno ya kawaida. Historia ilikuwa imeshaandika jibu, mimi sikuwa nimeisoma.

BASI UFANYE NINI?

1. Usikope kwa hesabu ya wiki za kufunguliwa. Subiri angalau miezi mitatu. Nenda mwaloni alfajiri mara moja kwa wiki, hesabu ndoo za mitumbwi mitano, andika kwenye daftari. Panga mkopo kwa wiki mbaya kuliko zote ulizoandika. Kwa mfano, kama wiki nzuri ilitoa ndoo nne kwa usiku na wiki mbaya ndoo moja, andiko lako liwe la ndoo moja. Kama kwa ndoo moja marejesho hayatoki, mradi huo haukufai.

2. Weka miezi ya kufungwa ndani ya hesabu. Muulize mkopeshaji mapema kama marejesho yanaweza kusimama bwawa likifungwa. Akikataa, fikiri mara mbili.

3. Wewe mchuuzi, tazama ukubwa wa samaki kabla ya bei. Perege wadogo kuliko kiganja wakiwa wengi kwenye ndoo, ujue wavu uliowaleta haufai. Ukinunua leo kwa bei nafuu, kesho hutakuwa na cha kununua. Mvuvi haramu hakesha kwa sababu anapenda giza. Anakesha kwa sababu anajua kuna mtu ufukweni na beseni.

4. Kabla ya kununua wavu, peleka kipande chake kwa afisa uvuvi akipime macho. Muuzaji wa dukani hatalipa faini yako, na wavu ukichomwa deni linabaki.

5. Kama una maji ya uhakika mwaka mzima, fikiria bwawa lako la kufugia. Anza na moja dogo. Chagua vifaranga vya madume pekee, kwa sababu perege wakizaliana ovyo bwawani wanadumaa na utavuna vidagaa. Wala usichukue vifaranga vya kigeni ukavimwaga mtoni. Tumeona sangara alivyomfanya ngege kule Victoria. Hatutaki kumpoteza perege wa Jipe kwa mikono yetu.

6. Unayelima huku juu, acha ukanda wa majani na miti kando ya mto. Sheria inataka mita 60. Udongo unaobaki shambani kwako ni mbolea yako, ukifika bwawani ni kaburi la viota.

7. Kama ni lazima uende majini usiku, usiende peke yako. Mwambie mtu nyumbani umetega upande gani na utarudi saa ngapi. Jaketi la kuokolea ni ghali, lakini hakuna perege anayelipa uhai wako.

Ndugu msomaji, mama yule aliyeuza ng'ombe bado anauza samaki. Siku hizi hakopi kwa ajili ya nyavu. Ana daftari la kurasa mia moja, na kila alfajiri anaandika: mbalamwezi au giza, upepo au utulivu, ndoo ngapi, samaki ukubwa gani. Mwaka jana nilimwomba nilitazame. Humo niliona mwezi ukipungua mavuno yakipanda, bwawa likifunguliwa yakiruka, kisha yakitelemka taratibu kama nilivyokusimulia.

Nilimwambia daftari lile ni bora kuliko andiko langu. Akasema analijua hilo.

Kama una swali kuhusu bwawa, nyavu au ufugaji wa samaki, niandikie au nikute ofisini siku ya kazi. Na ukija na andiko la mkopo, njoo na daftari lako pia. Tuonane makala ijayo.